Damu ya Kitovu

Jiwe la kwanza nilipigwa na bibi aliyemzalisha mama yangu siku niliyozaliwa mimi. Lilinipata juu ya jicho la kushoto, na kovu lake ninalo mpaka leo. Nikijipaka wanja huwa nalizunguka. Alikuwa mkunga wa kijiji chetu, kaskazini ya Pemba, ukishaupita msitu wa Ngezi. Kondo langu la nyuma, zalio tunavyoliita sisi, alilizika yeye nyuma ya jiko la mama, na la mdogo wangu akalizika papo hapo pembeni. Mtu kama huyo akikupiga jiwe, huna pa kwenda kumshitaki.

Nasema mapema kwamba nililistahili. Si mawe yote, lile la kwanza.

Nilikuwa muuguzi wa wadi ya wazazi katika hospitali moja mjini. Daktari wetu, kijana wa Kipemba aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo, alikuwa amechoka kuwaona watoto wa sikoseli wakifa mikononi mwake. Akaamua watu waelezwe habari ya seli shina: ni kitu gani, zinapatikana wapi, na wenzetu wanazitumiaje kutibu damu. Aliandika waraka wa kurasa mbili, akanipa mimi nikauseme vijijini kwa sababu, alivyosema yeye, mimi nina mdomo. Kweli ninao. Mama alikuwa akisema mdomo huu utanizika kabla ya maradhi.

Waraka ule ulijaa neno "huenda". Huenda uboho wa ndugu ukalingana na wa mgonjwa. Huenda damu ya kitovu ikafaa. Huenda mgonjwa akapona. Niliusoma mara tatu nikiwa nimekaa jikoni kwangu, kisha nikachukua kalamu nyekundu nikazifuta "huenda" zote. Nilijua watu wangu. Ukimwambia mtu wa kwetu "huenda", anainuka anakung'uta saruni yake anakwenda shambani. Nilitaka wakae, wasikie, waamini. Tena nilikuwa na sababu yangu mwenyewe, na sababu hiyo ilikuwa na umri wa miaka minane na macho ya njano.

Alikuwa binti wa mdogo wangu. Sikoseli ilimwanza angali ananyonya. Maumivu ya mifupa yakimjia alikuwa halii kama watoto wanavyolia, anang'ata. Amemng'ata mama yake mkono, amening'ata mimi bega, na siku moja aliing'ata mbao ya kitanda mpaka jino likatoka. Baba yake alikuwa mkata matofali ya mawe, mwanamume wa mabega hasa, ambaye jiwe likimwangukia mguuni unalionea huruma jiwe. Lakini sauti ile ya meno ilimshinda. Alikuwa akitoka nyumbani anakwenda machimboni, hata ikiwa siku ya Ijumaa, analipiga jabali kwa sururu mpaka viganja vinachanika. Tulikuwa tukimsikia kutoka uani, pu, pu, pu. Mtoto anang'ata, baba anapiga, na mdogo wangu katikati yao na mimba ya tatu.

Mimba ya pili iliishia vibaya. Alizalia nyumbani, zalio likakataa kutoka, na damu ikaloa godoro mpaka ikatokeza chini ya kitanda. Mtoto alikufa. Yeye tulimfikisha hospitali midomo yake ikiwa myeupe kama chokaa. Siku ile nilimkamata mumewe shati, nikamwambia akishika mimba nyingine atazalia wadini, mbele ya macho yangu. Shemeji akala yamini kwamba itakuwa hivyo.

Kwa hiyo siku niliyokwenda kijijini kwetu na waraka wa daktari, mdogo wangu alikuwa amebakiza kama wiki mbili. Damu yake ilikuwa imeshamwagika mara moja, na isingekuwa na huruma mara ya pili. Watu wale ilibidi waendelee kuiamini hospitali, yeye na mumewe wakiwa wa kwanza.

Tulikaa kwenye banda la skuli, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Sheha, mkuu wa kijiji, alifungua kwa dua. Nilianza vizuri, nisijidharau. Nikawaambia wanawake: mnapokanda unga, lile donge kabla hamjalikata bado halijawa kitu. Linaweza kuwa chapati, linaweza kuwa andazi, shauri yako wewe na karai lako. Seli shina ni donge hilo. Mwili unayaweka madonge ya damu ndani ya mifupa, kwenye uboho. Mtoto wa sikoseli donge lake lina kasoro. Damu inayotoka humo inapinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa, na ndiyo yale maumivu mnayoyaona. Wataalamu wanaweza kuuondoa ule uboho mbovu kwa dawa kali, wakampandikizia mgonjwa seli shina za ndugu yake wa tumbo moja, akaanza kutengeneza damu nzima.

Binti yetu alikuwa amekaa mbele kabisa na daftari lake. Akanyoosha mkono.

"Mama mkubwa, nkitiwa donge la mdogo wangu, mie ntageuka niwe yeye?"

Watu wakacheka. Nikamwambia hapana, utabaki wewe na ukaidi wako, damu tu ndiyo itakayokuwa mpya. Akaandika. Nilimwona shemeji upande wa wanaume, ameinama mbele, mdomo wazi.

Hapo ningekaa chini. Lakini nilikuwa nimeshaonja utamu wa kusikilizwa. Nikatoa mkobani mfuko wa plastiki wenye mpira na sindano, niliouomba kwa daktari ili watu waone kwa macho. Nikauinua juu.

"Na jambo kubwa, jamaa zangu, damu ya kitovu cha ndugu wa tumbo moja hutibu sikoseli. Hiyo damu iliyobaki kwenye kitovu na zalio ndiyo inayokamuliwa ikatiwa humu. Na mazalio tunayo kila siku hospitali. Tunayatupa bure tu."

Tunayatupa. Nilitamka mimi, mtoto wa kijiji kile.

Kwetu zalio halitupwi. Linaoshwa, linafungwa kitambaa, linazikwa na mwanamke wa nyumba, kitovu kikitazama juu, kwa kuwa kikitazama chini mama hazai tena. Mbwa halioni wala mgeni haligusi. Hayo nimeyajua tangu sijaota magego. Lakini wadini huwa tunawauliza jamaa kama wanalitaka, wengine wanaona haya wananyamaza, na la aliyenyamaza linakwenda shimoni. Ukiifanya kazi hiyo miaka kumi na saba, ulimi unazoea lugha ya wadi na unasahau ulizaliwa wapi.

Mwanamke mmoja akasimama. Nilimzalisha mimi, miaka mitano nyuma, na tangu siku ile hakushika mimba nyingine. Mumewe alikuwa keshaoa wa pili.

"Langu mie mlilitupa wapi?" akauliza.

Nilikuwa bado nimeuinua ule mfuko wenye sindano, kama bendera. Mwanamume mmoja akapiga kelele kule nyuma, "Mumiani hawa! Wanakamua damu za wazazi wakauze!" Nikageuka nimtazame, na hapo ndipo jiwe la yule bibi liliponifikia.

Baada ya hapo kila mtu alirusha alichokiona karibu. Mawe, vifuu, viatu, kata ya maji. Mfuko walininyang'anya, wakaukanyaga, wakaipinda sindano kwa kisigino. Mwanamke yule aliyeuliza alinishika nywele kwa mikono miwili akanipiga kichwa kwenye nguzo ya banda, mara tatu, bila kusema neno, na mpaka leo sina chuki naye. Sitasema uongo kwamba nilikuwa malaika. Niliokota mawe yale yale nikayarudisha. Moja lilimpata mtu shingoni akapiga magoti, na nilifurahi. Sheha alinilalia kwa mwili wake na kanzu yake nyeupe, ndiyo sababu nikatoka hai. Shemeji sikumwona akirusha kitu. Sikumwona pia akizuia.

Daktari alinishona nyuzi saba. Alipouona waraka wake na mistari yangu myekundu hakunikaripia. Aliukunja tu, akautia mfukoni.

Siku ya kumi na moja baada ya hapo, asubuhi, simu yangu ililia. Alikuwa mdogo wangu, anasema kwa kunong'ona.

"Dada, uchungu unshika. Na yuno kafunga mlango, asema siendi."

Nilichukua gari ya hospitali na dereva wake, na njia nzima nilikuwa nikimtukana shemeji kwa sauti, mpaka dereva akaniomba nimtaje Mungu. Tulipofika, shemeji alikuwa amekaa kizingitini, sururu yake magotini.

"Rudi ulikotoka, shemeji," akasema. "Nkunga yumo ndani. Nke wangu hakamuliwi na ntu."

"Ulikula yamini."

"Nlikula kabla sijaujua ule mfuko wako."

"Atakufa! Huikumbuki damu ile ya godoro?"

"Naikumbuka. Na zalio lile nlilizika, nnajua lilipo. Lino la leo mtalitia kwenye shimo la taka, asizae tena, na ntoto wangu mnuuze vipande."

Sikuwa mtu wa kubembeleza wakati ule. Kando ya mlango palikuwa na kinu na mchi wake. Niliuchukua mchi nikampiga nao mdomoni. Niliusikia mlio wa jino. Akaidondosha sururu, akainuka, akanirusha ukutani kama kikapu kitupu; nikarudi, nikausukuma mlango, ukafunguka kidogo, naye akaubamiza juu ya vidole vyangu. Viwili vilivunjika. Nilimng'ata. Ndiyo, na mimi niling'ata, hapa kwenye mkono, mpaka nikaonja damu, na yeye akanipiga ngumi ya sikio ambayo hata sasa nikilalia upande huo naisikia bahari. Dereva alikuwa akizunguka akisema "Jamani, jamani." Mtu mzima yule hakuwa na msaada wowote.

Mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Mkunga, yule bibi wa jiwe, alisimama pale, mikono myekundu mpaka viwikoni.

"Mnapigania maiti?" akasema. "Damu intangulia ntoto. Mie hino siiwezi. Nchukueni."

Shemeji aliingia akamtoa mkewe mikononi, damu ya mdomo wake ikimdondokea usoni. Wote tukaingia garini: mgonjwa, mkunga, mimi, na yeye.

Mtoto alizaliwa nyuma ya gari ile, tukiwa tumebakiza maili chache kufika mjini. Alikuwa wa kiume, mzima, mwenye hasira. Kitovu nilikikata mimi, kwa mkono mmoja, huku mkunga amenishikia kibanio. Kichwa cha kitovu upande wa mama kilibaki kikichuruzika ndani ya karai, matone mazito, meusi kidogo, mpaka yakakoma. Niliyatazama. Kisha zalio likatoka, na nyuma yake ikaja damu yenyewe, ile niliyoiogopa. Nilitia ngumi ndani ya mdogo wangu, mkono wa pili wenye vidole vilivyovunjika nikaukandamiza juu ya tumbo, nikalibana lile tumbo la uzazi baina ya mikono miwili, yeye akipiga kelele na mimi nikipiga kelele, njia nzima mpaka mlango wa wadi. Hiyo ndiyo kazi yetu. Watu wanadhani uuguzi ni kupangusa nyuso.

Aliishi. Walimtia chupa nne za damu, na mbili kati ya hizo walitoa mumewe na dereva. Nilikaa chini kwenye sakafu ya wadi nikalia kwa sauti, bila kuona haya.

Zalio hatukulitupa. Mimi na mkunga tuliliosha pamoja. Alilitandaza kwenye karai, akalipapasa pande zote, akakiangalia kitovu kutoka mwanzo mpaka mwisho kama mtu anayetafuta tundu la sindano. Halikuwa nalo. Akanitazama juu ya jicho, pale penye nyuzi, akasema, "Li zima," basi.

Kesho yake asubuhi tulilirudisha kijijini, karai magotini mwangu. Habari ilikuwa imetangulia. Watu walisimama uani, wengi wao wale wale wa banda la skuli, nao walitaka kuliona, na mkunga aliwafunulia kitambaa. Hakuna aliyeomba msamaha, mimi na wao tumetoka tumbo moja kwa ukaidi. Lakini yule mwanamke aliyenigonga nguzoni alikuja akanishika mkono uliofungwa bandeji, akasimama nao.

Mkunga alichimba mwenyewe, nyuma ya jiko. Akalilaza, kitovu juu, akaanza kufukia.

Binti yetu alikuwa amesimama karibu na mimi. Siku zile za purukushani alikuwa amekonda, macho yamezidi unjano. Akanivuta nguo.

"Mama mkubwa, si ndo dawa yangu hino?"

Alisema taratibu, lakini watu walikuwa wamenyamaza. Jembe likasimama hewani.

"Asema nini ntoto?" baba yake akauliza, mdomo umevimba.

Mtoto akafungua daftari lake, akasoma kwa sauti ile wanayosomea skuli: "Damu ya kitovu cha ndugu wa tumbo moja hutibu sikoseli."

Yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno.

Shemeji alipiga magoti akaanza kufukua kwa mikono. Mkunga alimpiga mgongoni kwa mpini wa jembe, akamwambia ndilo la nkeo hilo, muogope Mungu, naye hata hakugeuka. Udongo ulikuwa ukiruka mpaka kwenye miguu ya watu. Nikachuchumaa nikamshika mkono.

"Imekwisha, shemeji. Imeganda tangu jana. Ilitakiwa ichukuliwe pale pale kitovu kinapokatwa, itiwe dawa, ihifadhiwe kwenye baridi kali."

"Kitovu alikata nani?"

"Mimi."

"Na ukaiona damu yenyewe?"

"Niliiona."

"Kwa nini hukuikamata?"

Mtu aliyenivunja vidole nisiiguse damu ile ndiye aliyekuwa akiniuliza, na machozi yanamtiririka ndani ya uvimbe. Ningeweza kumjibu kwa jeuri, nilikuwa na haki. Nikamwambia kweli: hata ningeikamata, kisiwani kwetu hapakuwa na pa kuihifadhi, wala wa kuipima kama inalingana na ya mtoto, wala hospitali ya kumpandikizia.

Akaacha kufukua.

"Basi ulikuja kutwambia nini?"

Kisha akanipiga kofi, kwa mkono ule uliojaa udongo wa zalio, mbele ya kijiji kizima. Mchi ulikuwa pale pale kando ya kinu, niliuona. Sikumrudishia.

Mkunga alimaliza kufukia, akausindilia udongo kwa nyayo zake. Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Binti yetu alikwenda mtungini, akarudi na kata ya maji, akaanza kuninawisha uso kwa uangalifu, asiziguse nyuzi. Alipomaliza akaniuliza tena lile lile swali la dawa yake, kwa sauti zaidi kidogo, maana alidhani sikumsikia.

"Huenda, mwanangu," nikamwambia. "Huenda."

Akalitafuta daftari lake, akataka nimwonyeshe mahali pa kuliandika neno hilo.